Kikombe Chenye Ua

Mjomba wangu amesimamia lango la maji ya mvua kwa miaka ishirini na mbili, na wenzake kazini wanamwita Kikombe. Mvua ikinyesha, maji ya mitaani huteremka na oili za magereji, vinyesi na kila upuuzi tulioutupa, yakaingia bwawani nyuma ya kibanda chake. Hapo hutulia mpaka uchafu uzame, ndipo yaachiwe kwenda baharini. Zamani alikuwa anayachota kwa kikombe cheupe cha bati chenye ua la bluu kwenye kitako, kwa ndani. Akiliona ua, anazungusha gurudumu, lango linafunguka. Asipoliona, hata bosi wake apige kelele mpaka sauti imkauke, halifunguki ng'o.

Mama, ambaye ni dada yake, anafuga chaza kwenye vizimba baharini, palepale maji ya lango yanapotokea. Chaza hunywa kila kinachopita. Wakishakunywa uchafu, ni wa kutupa, maana watamuua mtu. Hawa wa safari hii aliwalea mwaka na nusu, na walikuwa wamebakiza wiki moja tu wavunwe.

Mwaka jana ofisi ilileta mtambo. Sensa, kifaa cha kupima uchafu, bwawani, skrini kibandani, lango linajifungua lenyewe. Fundi alisema gurudumu halina kazi tena, Mjomba asaini ling'olewe. Mgongo ulikuwa unamsumbua, akasaini bila kusoma. Tena alijigamba na mtambo huo, akamwandikisha Mama awe anapata taarifa za mtambo kwenye simu. Sote tulifurahi, sisingizii mtu.

Alhamisi nilimpelekea chakula cha mchana, mvua kubwa ndiyo kwanza imekatika. Bwawa lilikuwa jeusi, linanuka oili. Skrini ikasema: MAJI SAFI. LANGO KUFUNGUKA BAADA YA DAKIKA 12.

"Safi ya wapi hii?" Mjomba akauliza, akatoka mbio.

Katikati ya bwawa, mfuko wa plastiki ulikuwa umeifunika sensa na kujifunga barabara. Ndani yake yalibaki maji ya kabla ya mvua, yanang'aa. Mtambo wa mamilioni ulikuwa unapima maji ya juzi. Tulijaribu kuuvuta kwa fimbo ya kuopolea takataka, haikufika hata nusu.

Akampigia kijana wa zamu ofisini.

"Mzee, mimi huku naona safi."

"Mwanangu, niko juu ya bwawa. Nayaona kwa macho yangu."

"Nakuelewa, mzee. Lakini siwezi kulizuia lango bila ripoti. Jaza fomu, kesho mtu atakuja."

Nilitamani kumtukana. Mjomba alisema asante, akakata, akampigia Mama.

"Dada, toa vizimba. Uchafu unakuja."

"Nitoeje, mdogo wangu? Maji yamejaa, viko chini kupita kimo changu. Mpaka jioni yakipwa."

Akaniachia simu, akaenda lilipokuwa gurudumu. Kilibaki kipande cha chuma kifupi, kimefunikwa kwa kofia ya plastiki. Akakishika kwa mikono miwili, akakaza meno. Nikashika na mimi. Viganja viliteleza tu. Lango likapanda taratibu, bila hata kelele, maji meusi yakapita chini ya miguu yetu. Sijawahi kujiona bure kama siku ile.

Mama alikuwa bado hewani. Mjomba akachukua simu.

"Nimepata ujumbe wa mtambo wenu sasa hivi," alisema Mama. "Unasema maji ni safi. Nimwamini nani?"

Mjomba alikuwa ameshachota maji kwa kikombe chake cha zamani. Nilichungulia kikombe, ua halikuwepo.

"Niamini mimi, dada."

"Nakuamini. Sasa nifanye nini?"

Kibandani kengele ya skrini ilikuwa inalia, na haikatiki mpaka mtu abonyeze kitufe pekee alichoachiwa, kilichoandikwa NIMEONA. Mjomba akaingia, akaweka kikombe mezani, akabonyeza.