Nilikunja Hamoki Kwanza, Mama Mkwe Akiwa Chini

Kosa ni langu, na sitafuti wa kunisaidia kulibeba. Nawaandikia nyinyi msionijua kwa sababu wote wanaonijua wananisifu.

Mimi ni mtu wa Githongo, nikaoa Runyenjes, nikanunua shamba Manyatta kwa jasho langu. Shule niliacha darasa la tano. Waliomaliza shule ndio wananiomba kazi, na nawapa. Nilianza na ndizi kwa baiskeli, leo nina pikapu mbili na nyumba ya mawe. Mtu wa kunifundisha kazi sikuamini amezaliwa. Hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Niliona vijana wa Nairobi wanapenda kulala nje wakitazama Mlima Kenya. Nikasema nitawawekea hamoki, vile vitanda vya kitambaa vya kuning'inia kati ya miti miwili. Embu mjini nikapata za bei nafuu, zenye neti ya mbu na zipu. Mama aliyekuwa akiuza akaniambia, "Mzee, chukua na mikanda ya mti, hii mipana. Kamba itateleza. Na usiivute ikakaza, iache ilegee, na isikae juu kupita kiti."

Nikamcheka. "Mama, mimi nimefunga ng'ombe dume kabla hujazaliwa."

"Ng'ombe halali juu ya kamba," akasema.

Nilinunua hamoki nne, mikanda nikaiacha. Nyumbani nikatoa kamba ya manila ya ng'ombe, nikafunga ya kwanza kwa miti miwili ya mukima, pale ukingoni mwa mtaro wa kahawa. Nikavuta hadi ikawa kama waya wa kuanika nguo. Tena nikaiweka juu, usawa wa kifua, ili bonde lionekane kwa picha.

Siku hiyo mama mkwe alikuwa ametutembelea, na mke wangu alikuwa ameenda sokoni. Kwetu mtu na mama mkwe wake ni heshima. Hamgusani, hata salamu ya mkono hakuna. Lakini nilitaka picha ya tangazo. Watu wakiona nyanya wa miaka sabini amelala humo, nani ataogopa?

"Baba Kendi," akaniita, ingawa hapa nimebadilisha jina, "hiki kitu ni cha watu ama ni cha popo?"

"Panda tu, mama. Ni cha ng'ambo."

Akapanda stuli, akaingia. Aliingia kwa sababu ni mimi nimeomba, na mkwe hanyimwi.

"Funga neti, ipendeze."

Akafunga zipu. Nikapiga picha ya kwanza. Kwa ya pili kamba ikaanza kushuka kwa mti, pole pole, upande wa kichwa. Hamoki ikainama kuelekea mtaroni. Akavuta zipu, ikauma kitambaa, ikakataa.

"Baba Kendi, nitoe."

Ilikuwa ni kumkumbatia tu. Mikono miwili, basi. Mimi nikasimama. Nikamwambia, "Ngoja niite mwanamke," nikaenda hatua kama kumi kuelekea barabarani nikiita jirani, ambaye hakusikia. Mpaka leo sijui kama niliogopa mila ama niliogopa kukubali kamba yangu imeshindwa. Nikasikia kishindo.

Alikuwa ameangukia mawe ya mtaro, amefungiwa ndani ya neti kama kuku kwa kikapu. Nikapasua neti kwa panga. Alikuwa ameshika nyonga. Hakulia. Akaniambia, "Wageni wako wanakuja Jumamosi. Ondoa vitu vyako kabla watu hawajafika. Nitasema niliteleza kwa majani ya kahawa."

Na mimi nikaviondoa.

Hilo ndilo ninaloungama. Nilimwacha hapo kwa mawe nikaenda kufungua kamba. Fundo la ng'ombe likishakaza halifunguki haraka. Nilitumia meno. Yeye alingoja. Nikafungua la pili, nikakunja kitambaa, nikakificha stoo, ndipo nikaita watu na kuleta pikapu.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Mwanamke aliyekuwa akichuma kahawa yake mwenyewe leo anaenda na fremu ya chuma kutoka kitandani hadi barazani. Anakaa kwangu. Kanisani wananisimamisha, ati tazameni mkwe anavyotunza mama. Mke wangu anasema hajui Mungu alimpendea nini akampa mimi. Mimi naitikia kwa kichwa, nashukuru.

Biashara inaenda. Nilirudi kwa yule mama muuzaji wa Embu nikanunua mikanda mipana, nikafunga hamoki chini, zinalegea vizuri. Wageni wanalala wakicheka. Mama mkwe anawatazama kutoka barazani.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Mama, nataka binti yako ajue ukweli."

"Unifanye mwongo mbele ya mtoto wangu, na uzee huu? Nilikufungulia mlango, ukaingia hata bila kubisha. Sasa tukae humo wote wawili."

Nikisema, namwaibisha. Nikinyamaza, nasifiwa. Hakuna pa kupita.

Wewe unayenunua vitu hivi vya bei nafuu, nunua pamoja na mikanda yake, na anayekuuzia akikuonyesha namna ya kufunga, msikilize hata kama hana pikapu. Na ukimwangusha mtu, mwangalie yeye kwanza. Akijitolea kukufichia, mkatalie hapo hapo, kabla hajamaliza kusema. Mimi nilisubiri amalize.