Kofia ya Mgeni wa Wizarani

Siku ya kwanza niliingia chuo cha kazi za mikono na sindano zangu mwenyewe. Ulikuwa mwaka wa Mapinduzi, nyumba ya ghorofa pale Malindi ya Unguja ambayo mwenyewe kashaondoka, na sisi kina mama tukawekwa ukumbi wa chini. Mkuu wa Chuo, Bwana Fereji, akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia darasa la tatu.

"Basi utafundisha kofia," akasema. "Kofia haitaki darasa."

Nyinyi mnaozinunua zishafuliwa na kupigwa pasi, fahamuni kofia ni vipande viwili: duara la juu, na ukuta unaozunguka kichwa. Unachora kwa penseli, unatoboa kwa msumari, kisha kila kitobo unakizungushia uzi mpaka kikaze. Ukuta ndio wenye kazi. Mkono wangu ulikuwa wa ukuta. Wa Bi Zuhura, mwenzangu niliyeanza naye, ulikuwa wa juu. Mwisho mmoja huviunga, na desturi yetu aliyeunga ndiye anayeipeleka kwa mwenyewe. Tukipokezana zamu.

Miaka ikenda. Vikaja vyerehani, wakaja wasichana wa Uroa na Nungwi wakilala ghorofa ya juu, chuo kikawa chuo. Ndipo Bwana Fereji akatwita sote wawili. Akatwambia ushoni utapata mwalimu mkuu.

"Atakuja mkubwa kutoka Wizarani," akasema. "Nitengenezeeni kofia moja ya haja. Kwa kofia hiyo tutajua mwalimu mkuu nani."

Zamu ya kuunga ilikuwa yangu, na ya kuipeleka kwa mgeni.

Ukuta nikaumaliza. Wiki ile ile mume wangu akafariki, nikaingia eda, na mjane wa eda hatoki, hata sokoni humtuma mtu. Bi Zuhura akaja kunipa pole, akasoma Yasini, akalia kuliko dada zangu. Wakati wa kuondoka akasema, "Shoga, nipe ule ukuta nikauunge. Mkubwa yule hangoji."

"Utamwambia wangu?"

"Ala, mie nna haja gani na chako? Ntamwambia."

Nikampa.

Nilipotoka eda nikamkuta kakaa meza ya mwalimu mkuu. Nikapanda ngazi kwa Bwana Fereji.

"Bi Mwanaidi, mkubwa aliivaa pale pale," akasema, hata kalamu hakuiweka chini. "Akauliza nani kaishona. Zuhura akasema, mimi. Nimkadhibishe mbele ya mgeni?"

"Na wewe ukijua ukuta wangu."

"Nikijua. Lakini hukuwapo. Kazi inamtaka aliyepo."

Nikawa msaidizi wa Zuhura mpaka macho yaliponitoa kazini, maana vitobo vinakula macho. Nasema kweli, hakufundisha vibaya. Angefundisha vibaya ningelala usingizi. Alikuwa na sauti, wasichana wakimpenda, na kila aliposifiwa mimi nilijichoma sindano.

Watu wananambia nisamehe, mambo ya zamani hayo. Bwana Fereji keshakufa, namwombea. Zuhura yuko hai.

Kwenye maharusi tunakalishwa mkeka mmoja. Wanawake niliowashika vidole kuwafundisha kutoboa huja kutuamkia. Yeye wanamwambia, "Shikamoo, Mwalimu." Kisha wananigeukia, "Shikamoo, Bi Mwanaidi." Naitikia marahaba. Zuhura hajapata hata siku moja kuwaambia kwamba na huyu pia ni mwalimu wenu.