Siku Nilipozama Kwenye Shimo la Biogesi Nyansurura

Jamani, hii habari nilishaapa nitazikwa nayo, lakini kwa kuwa ofisi nzima iliiona ukutani kwa ukubwa wa shuka, bora niisimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wenye chumvi nyingi.

Mimi nafanya kazi kwenye ofisi ya nishati ya mkoa, Musoma. Kazi yetu (watu hudhani tunaunganisha umeme, hapana) ni kwenda vijijini kukaa na wananchi wapange nishati yao wenyewe, wana nini, wanakosa nini, waanze na lipi, halafu sisi tunawapa utaalamu na kuwatafutia wa kuwashika mkono. Sasa kule Nyansurura, wilaya ya Serengeti, ng'ombe wapo mpaka basi, lakini kuni hakuna. Akina mama wanazifuata mbali, upande wa hifadhi, na wakikutana na askari ni mbio, mzigo unabaki huko huko. Kwa hiyo tulijenga mtambo mmoja wa mfano wa biogesi, ile gesi ya mavi ya ng'ombe, nyumbani kwa mzee Mwita na mkewe bibi Ghati, na siku hiyo wanakijiji walikuja kuuona ndipo waamue kama biogesi iingie kwenye mpango wa kijiji chao au isiingie.

Asubuhi bosi alinipigia akasema, "Neema, piga picha nzuri utuletee." Picha, basi, hakusema kingine. Mimi mwenyewe kwa kiherehere changu nikamjibu, "Bosi, picha za nini? Nitawarusha moja kwa moja kwa simu, wageni waone kwa macho yao." Maana ofisini kulikuwa na wageni waliokuja kuangalia kama mipango yetu ya vijiji inastahili kusaidiwa. Bosi akafurahi, akaagiza projekta ifungwe.

Mambo yalianza vizuri, tena vizuri kupita kiasi. Nikawaamkia wazee shikamoo, bibi Ghati akafungua koki ya jiko pale nje, akawasha kiberiti, moto wa bluu huo, chai ikachemka bila hata chembe ya moshi. Vigelegele! Mama mmoja anaitwa Robi, mwenye mtoto mgongoni, akainama akaunusa ule moto, akasema kwa sauti, "Kumbe haunuki mavi!" Watu wakacheka, mwenyekiti wa kijiji akasema haya, tukae sasa tuamue. Nikaona saa yangu imefika, nikapiga simu ya video.

"Neema, tunaona magoti tu," bosi akasema. "Rudi nyuma kidogo."

Nikarudi.

"Mwenyekiti bado hayumo. Rudi tena."

Nikarudi tena. Hapo bibi Ghati akainuka, akaanza kupiga kelele kwa Kikurya huku anapunga mikono yote miwili, na mimi (nimezaliwa Mbeya, Kikurya changu kinaishia kwenye salamu) nikajua bibi anafurahia kuonekana Musoma, nikamtabasamia, nikampungia na mimi, nikarudi nyuma tena.

Ardhi ikaniacha.

Nyuma ya mtambo kuna shimo linalopokea tope likishatoa gesi. Juu lilikuwa limekauka na kuota majani, ukiliangalia unaapa ni uwanja, kumbe chini ni uji. Nikaenda miguu, nikaenda kiuno, likanishika kifuani, na ule uvuguvugu wake, jamani, mpaka leo nikiukumbuka mwili unanisisimka. Simu ikaruka huko. Nikapiga yowe, "Mamaaa, nakufa!" na sikuwa natania, maana kila nikitafuta pa kukanyaga sipati, na kila nikijitikisa naona shingo nayo inakaribia.

"Usitapatape! Tulia, mama!" mzee Mwita akanikemea, na kabla sijajua nini kinaendelea akanirushia kamba ya kufungia ng'ombe, nikaipitisha kwapani, wanaume wakaivuta mpaka nikatoka kama ndama anayezaliwa kwa shida, kiatu kimoja kikabaki humo. Nimelala pale chini, watu wote kimya. Kwenye kile kimya ndipo simu ikasema kutoka majanini, "Neema? Neema, mbona tunaona pua ya ng'ombe?"

Walicheka! Mtendaji wa kijiji alishika mti asianguke. Dereva wangu, mtu niliyekula naye ugali asubuhi ile, alikaa chini kabisa.

Bibi Ghati hakucheka. Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, akanimwagia maji ndoo baada ya ndoo, akanisugua kwa sabuni ya kufulia kama sufuria, akanivisha kitenge chake na fulana ya mzee. Muda wote alikuwa anageuka kuangalia upande wa shimo. Nikadhani ananionea aibu, au anakasirikia shimo lake kuharibiwa. Nikamwambia, "Bibi, nisamehe."

Akanijibu kwa Kiswahili, polepole. "Mjukuu wangu anafukuzia kuku pale. Kila siku."

Nikahisi baridi, na siyo ya maji.

Tuliporudi kicheko kilikuwa kimeisha. Robi alikuwa amesimama katikati, amemtoa mtoto mgongoni amempakata. "Mtaalamu," akaniambia, "wewe ni mtu mzima, umezama mpaka kifuani. Huyu wangu angeishia wapi?"

Ule mchoro wa mtambo tuliotoka nao mjini nilikuwa nimeushika mkononi mara nyingi, una bomba, una koki, una jiko, na shimo lipo limechorwa vizuri kabisa, ila mfuniko haupo. Hakuna aliyeuliza, na nasema hakuna nikijihesabu na mimi.

Na jamani, mwenyekiti alikuwa ameiokota simu, ameifuta kwenye suruali, anaishikilia juu kama taa kwa sababu hajui kuikata. Wageni wote Musoma walikuwa wanasikiliza. Nikamsikia bosi akisema samahani, tunakata, halafu mgeni mmoja, mama, akamzuia: "Usikate. Hawa ndio wenye mpango, waache waseme."

Wakasema. Walibishana mpaka jua likapinda, wengine wanataka biogesi ifutwe kabisa, akina mama wanasema wamechoka kukimbizwa na askari. Mwisho wakakubaliana iingie, lakini neno la kwanza, kabla ya gesi yenyewe, ni mfuniko wa zege na uzio kwa kila shimo, na asiye nao asiwashiwe. Mzee Mwita hakungoja hata tuagane, alileta mbao na mabati ya banda lake akaanza kugongelea mfuniko wa muda, na mimi kwenye kitenge cha mkewe nikamshikia misumari.

Njiani dereva alifungua vioo vyote, sikumlaumu.

Siku hizi nikifika kijiji chochote, iwe Nyansurura, iwe Susuni, kabla ya chai, kabla hata ya kusaini kitabu cha wageni, nauliza kwanza: watoto wenu wanachezea wapi? Nikionyeshwa nakwenda mwenyewe, taratibu, na fimbo mkononi, nagonga chini kila ninapokanyaga. Watu wananishangaa. Wacha washangae.