Somo Lililookolewa

Watu wengi wanadhani mtaala hushuka tu kama mvua: mwanao anaamka asubuhi, anakuta ameshapangiwa cha kusoma. Thubutu! Mtaala unatengenezwa na watu, tena watu wenye njaa, wamekaa kwenye viti vinavyolia ndani ya chumba ambacho feni yake ilishajifia, wanagombania vipindi kama kuku waliomwagiwa mtama. Mmoja wao ndiye huyu mama ninayetaka kuwasimulia. Kazini walimwita Mama Jiko, kwa kuwa ndiye aliyesimamia somo la Sayansi Kimu, na jina hilo hakulikataa. "Heri kuitwa jiko," alikuwa akisema, "kuliko kuitwa moshi."

Somo hilo lilikuwa roho yake, wala sitii chumvi. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake, na alimlea kwa yale aliyofundishwa darasani: kumpikia mtoto chakula cha kumjenga, kukata kitambaa bila kupoteza kipande, kupanga matumizi ya nyumba mpaka mwezi uishe. Yule mdogo naye akakua, akasomea somo hilohilo, akawa mwalimu wa somo hilo katika shule waliyosoma wote wawili, ndani ya chumba kilekile chenye majiko ya gesi upande mmoja na cherehani chini ya madirisha. Waliotoka chumba kile, wavulana kwa wasichana, ndio walioshona sare za nusu ya watoto wa mji ule.

Msiba ulianza siku mkurugenzi wa mitaala alipoitisha kikao cha kupitia masomo yote. Mkurugenzi si mtu mbaya, tusimwonee. Ila alikuwa na haraka.

"Mama Jiko," alisema, "shule zenye chumba cha vitendo cha somo lako hazifiki hata robo. Hilo ni somo au ni anasa? Tukikutana tena nalifuta. Vipindi vyake vitakwenda Uchumi."

Paneli ya Uchumi, yaani kamati ya somo hilo, iliongozwa na mtu waliyempachika jina la Bwana Soko, maana hata ukimuuliza hali ya mkewe, lazima angeingiza habari za soko. Akainama kuelekea kwa Mama Jiko, akamnong'oneza, "Soko ndilo linaloamua, mama. Pole."

"Pole mpe mgonjwa," Mama Jiko alimjibu.

Alihangaika, masikini. Aliingia ofisi hii akatokea ile. Aliwaendea wakubwa aliowafundisha yeye mwenyewe, enzi zake za ualimu, kutia uzi kwenye sindano. Wakamkaribisha chai, wakamwambia njoo kesho, mpaka hizo kesho zikaisha. Hakuna aliyemtukana. Hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwamba kila mtu alimhurumia na hakuna aliyeinua hata kidole.

Sasa hapa nieleze jambo moja la kazi yao, la sivyo hamtanielewa. Katika muhtasari wa somo, kila wanapoandika mwanafunzi atafanya nini, pembeni kuna safu ya zana za kufanyia. Ukiandika "mwanafunzi ashone", safu ya zana itadai cherehani, na shule isiyo na cherehani hairuhusiwi kufundisha. Lakini ukiandika "mwanafunzi aeleze namna ya kushona", safu inadai ubao na chaki tu. Na shule gani haina chaki?

Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na mtu wa namna hiyo hushika hata jani. Alasiri moja alikaa mezani kwake, akaanza. Pale palipokuwa na "apike" akaandika "ataje hatua za kupika". "Akate kitambaa" ikawa "afafanue ukataji wa kitambaa". Kila alipobadilisha, alihamia kwenye safu ya zana akafuta: jiko, sufuria, mkasi, cherehani. Alipofika kwenye pasi machozi yalimtoka, na yule si mtu wa kulialia.

"Tutavirudisha baadaye," alijiambia. "Kwanza mgonjwa apumue."

Basi kikao cha pili kilikuwa sherehe. Mkurugenzi alipitia kurasa, akapiga meza kwa furaha. "Sasa hili linafundishika kila shule! Siyo robo tena, zote! Mama Jiko, umetuokoa." Bwana Soko alisimama kabisa akapiga makofi, tena kwa bidii ambayo ingemshtua mtu aliyetulia akili. Lakini nani angetulia siku ile? Mama Jiko alikimbilia barazani akampigia simu mdogo wake.

"Limepona!"

Upande wa pili vigelegele vilipigwa mpaka simu ikakwaruza.

Vitabu vikachapwa, mwaka mpya wa masomo ukaanza. Mdogo mtu akaanza kuwa mgumu kwenye simu. "Nipo, dada. Nina kazi kidogo." Au haipokelewi kabisa. Dada mtu akaingiwa na wasiwasi, akaomba ruhusa, akaenda hadi shuleni.

Alitangulia kwenye chumba chao, asimkute mdogo wake. Alimkuta kijana nadhifu, mwalimu wa Uchumi, anafundisha Sayansi Kimu. Majiko hayakuwapo, wala masinki. Meza za zege zilikuwa zimebomolewa ili madawati yaenee. Kwenye ukuta, pale zilipokuwa cherehani, palichorwa cherehani moja kubwa kwa rangi ya mafuta, kila kifaa na jina lake.

"Karibu sana, mama!" kijana alisema, akifurahi kweli. "Chaki ilikuwa inafutika, nikaona niwachoree ya kudumu. Wasikilize wanavyojua."

Akamwinua msichana mmoja. Msichana akaitaja cherehani yote, kuanzia gurudumu hadi kiguu cha kukandamizia kitambaa, hakukosea hata kimoja. Darasa likampigia makofi.

"Na umewahi kuigusa?" Mama Jiko aliuliza.

"Ndiyo, madamu," msichana alijibu, akanyoosha mkono akaugusa ukuta.

Mama Jiko alitoka bila kuaga. Alimkuta mdogo wake bwenini, kwenye chumba cha matroni, anahesabu shuka chafu. Shule ilikuwa na nafasi moja tu ya mwalimu wa vitendo, na kama vitendo havimo kwenye muhtasari, mwalimu wake wa nini? Somo la chaki likapewa mwalimu wa Uchumi, yeye akafanywa matroni. Majiko yaliuzwa kama vyuma chakavu. Cherehani alizichukua mzabuni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini, dada? Ulikuwa na furaha."

"Nilitaka kuliokoa, mdogo wangu. Wallahi nilitaka kuliokoa."

"Najua." Aliikunja shuka, akaiweka chini. "Ungeliacha life tu. Lingekufa tungelilia, wazazi wangeuliza liko wapi, siku moja wangelidai. Sasa watadai nini? Si hilo hapo kwenye ratiba."

Mama Jiko alitamani mdogo wake amfokee, amtukane, hata ampige. Mdogo wake alimchemshia chai.

Kesho yake Mama Jiko alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi. "Naomba tufungue muhtasari wangu. Nirudishe zana."

"Umeshachapwa. Haufunguliwi mpaka mapitio mengine, na wewe unayajua hayo kuliko mimi. Hawa wanaoanza darasa la kwanza leo watakuwa wameshamaliza shule."

"Basi lifute."

"Nilifute?" Mkurugenzi alicheka, akidhani ni utani. "Somo linalofundishwa kila shule? Mama Jiko, wewe ndiye mfano wetu. Tena umekuja wakati mzuri. Kilimo na Ufundi nao wana shida ileile, shule hazina mashamba wala karakana. Nimewaita waje uwaoneshe ulivyofanya."

Akamfungulia mlango wa chumba cha mikutano. Watu wa Kilimo walikuwa wameshakaa, kalamu mkononi, na nyuso zao zilikuwa na hofu aliyoijua vizuri. Mzee wao alisimama akamvutia kiti kwa heshima.

"Karibu, mama, tuokoe na sisi," alisema. "Tuanzie wapi? Kwenye safu ya zana tuna majembe, tuna mbegu, tuna ng'ombe mmoja."