Mama Norah Amepumzishwa

Mlango wa Kezia pale Shauri Moyo ulikuwa umebambuka rangi mahali pamoja tu, pale watu wanapobisha. Baraza la Jiji likija kuupaka, baada ya muda mbao inachungulia tena palepale. Kezia alizijua hodi zote. Ya msiba ilikuja kwa ngumi, ya harusi kwa ncha za vidole, na anayetaka kuazima sufuria ya kanisa aliita jina kwanza, kisha akabisha huku ameshaingia.

Alikuwa mjane wa Odero wa Reli. Mtoto wake mmoja, Norah, alikuwa ameolewa Kisumu, kwa hiyo mtaani alikuwa Mama Norah na nyumbani alikuwa peke yake. Alishona sare za shule kwa cherehani aliyoiweka barazani. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Kazi iliyommaliza ilikuwa ya kanisa.

Kanisa lilikuwa la mabati, nyuma ya soko, na lilikuwa na kamati nyingi. Kila kamati ilikuwa na mwenyekiti mwenye kalamu mfukoni, na kila kikao kilifungwa kwa maneno yaleyale: "Hilo tumwachie Mama Norah." Afagiaye ni yeye. Apikaye wageni wakija ni yeye. Mgonjwa akilazwa, yeye ndiye wa kwenda kumwombea, na mtu akifa, yeye ndiye wa kuanzisha wimbo na kukaa na wafiwa mpaka mazishi. Walikuwa watu wema, wala hakuna aliyemtaka mabaya. Ila ukimzoea mtu akiwa amesimama, unasahau kwamba naye ana magoti.

Mwaka wa themanini na nne, ule wa unga wa manjano wa msaada, mambo yalizidi. Mvua ilikuwa imegoma, jamaa wakaja mjini kutoka mashambani wakiwa mifupa mitupu, na kila nyumba ikawa na mgonjwa au matanga. Kezia alitoka msiba akaingia msiba. Hata akilala, alilala sikio moja likiwa mlangoni.

Katikati ya hayo akaitwa kwa Makau. Makau alikuwa fundi wa masanduku ya bati huko Gikomba, mtu mpole asiyekwenda kanisani, ila mkewe Koki alikuwa haikosi Jumapili. Makau alikuwa ameanguka kutoka paani, mguu ukavunjika, na sasa alikuwa amelala chali na plasta mpaka pajani. Koki alimwomba Mama Norah amwombee.

Kezia akafumba macho, akaweka mkono juu ya blanketi. Maneno yakaja yenyewe, maana hakuwa tena na nguvu za kuyachagua.

"Baba, tunakushukuru kwa maisha ya ndugu yetu Makau. Ametutangulia, nasi tu njiani. Umpumzishe mahali pema. Na huyu mjane wake umfute machozi..."

Kikombe kikamponyoka Koki. Makau akafungua jicho moja.

"Mama," akasema taratibu, kwa adabu zote, "mimi bado niko."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na habari ikazunguka mtaa mzima kabla ya jua kutua. Kezia naye alicheka nao. Lakini alipokuwa akirudi nyumbani kicheko kilimkauka. Makau alipofungua jicho, kitu cha kwanza kilichompita moyoni hakikuwa furaha wala aibu. Kilikuwa uchungu kwamba, kama huyu yu hai, basi itabidi kuja kumwona tena. Hilo lilimtisha kuliko kosa lenyewe. Alijitafuta ndani mahali pale alipokuwa akiwahurumia watu, akakuta pakavu.

Akamwendea Mchungaji Njogu. Alikuwa mchungaji mgeni, ameletwa karibuni kutoka Nyeri, kijana wa kupenda watu, mwenye makanisa kadhaa na baiskeli moja.

"Mchungaji, nimechoka," Kezia alimwambia. "Mlango ukibishwa, naogopa. Naomba nipumzike kidogo."

Mchungaji alimtazama, akaona kweli. "Mama, ungesema mapema. Pumzika mpaka utakapojisikia. Nitawaambia watu wasikusumbue."

Naye akatimiza ahadi. Jumapili, kati ya matangazo ya harusi na ya mchango wa mabati, akasema kwa haraka: "Mama Norah tumempumzisha. Mtu asiende kwake. Shughuli zake zote zipelekwe kwa jirani yake Waruguru." Kisha akapanda baiskeli kuwahi kanisa jingine.

Hakujua, maskini, alichokuwa amesema. Kule alikotoka huenda neno hilo ni neno tu. Pale Shauri Moyo, kupumzishwa kulikuwa na maana moja. Mzee wa kanisa aliyeoa mke wa pili kwa siri alipumzishwa. Msichana wa kwaya aliyepata mimba alipumzishwa. Kanisa halikupenda kutaja dhambi kwa jina, basi likasema mtu amepumzishwa, na waumini wakajaza wenyewe yaliyobaki. Aliyepumzishwa alikaa benchi la nyuma, lile la karibu na mlango, na hakuna aliyempa mkono mpaka arudishwe.

Na Kezia siku hiyo alikuwa ameketi wapi? Benchi hilohilo. Miaka yote kiti chake kilikuwa mbele, karibu na ufagio na mlango wa jikoni. Jumapili hiyo alipoingia mikono mitupu aliona benchi lisilo na mtu, lenye upepo, ambalo mtu angeweza kuondoka bila kusalimiana na yeyote. Aliketi kwa raha. Vichwa vikageuka kimoja baada ya kingine, vikarudi mbele upesi.

Siku za mwanzo zilikuwa tamu. Mlango haukubishwa. Alipika ugali wake mdogo wa manjano, akala polepole, akalala mchana kama mtoto. Alimshukuru Mungu kwa watu wanaosikia wakiambiwa.

Kisha utamu ukaanza kugeuka. Kwenye bomba la maji, mazungumzo yalikatika alipofika. Sufuria aliyokuwa ameiazima mtu ilirudishwa, ikaachwa kizingitini, na mleta hakuita hata jina. Koki alimwona kwa mbali sokoni akaingia njia nyingine. Kwanza Kezia alijiambia kwamba wanamwachia nafasi. Baadaye akaanza kuketi barazani na cherehani yake imesimama, akingoja tu mtu apite amwambie habari ya asubuhi. Walipita, na wengine waliinamia njia kama waliopoteza shilingi.

Upweke wake wa zamani ulikuwa wa nyumbani. Alipofungua mlango uliisha. Huu ulikuwa wa mtaa mzima. Jioni alikuwa akijikuta anasikiliza mlango uleule aliokuwa ameuogopa, na kimya chake kikamuuma. Akajiuliza, kama hakuna mgonjwa, hakuna maiti na hakuna sufuria, je, kuna mtu yeyote aliyewahi kuja kwa Kezia? Alihesabu nyuso, akakosa hata mmoja, akalia peke yake hapo kwenye kiti cha marehemu Odero.

Waruguru alikuja Jumamosi moja asubuhi kuchukua sare ya mwanawe. Walikuwa marafiki tangu watoto wao wakiwa wachanga, yeye na mumewe fundi viatu wakikaa mlango wa tatu kutoka pale. Alichukua sare, hakuketi.

"Mama Norah, nikuulize kitu na usikasirike?"

"Uliza."

"Ni nani?"

"Nani gani?"

"Huyo mwanamume."

Kezia alidhani hakusikia vizuri. Alipoelewa, alicheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kitu kingine.

"Waruguru. Na umri huu wangu?"

"Hata mimi niliwaambia hivyo. Lakini si ulipumzishwa?"

"Niliomba. Nilikuwa nimechoka."

Waruguru akamkazia macho. "Nani huomba kupumzishwa?"

"Mimi."

"Hiyo watu hawataamini, Mama. Hata mimi naijaribu inanikataa." Akaikunja sare, akaifunua, akaikunja tena. "Sasa sikia. Kesho kuna wageni kutoka Murang'a na kuna wali wa kupika leo. Wewe kuja tu. Watu wakikuona na mwiko, wataacha kuongea. Na mimi pia, kusema ukweli, hii kazi yako imenishinda."

Alipokwisha kuondoka, Kezia alikaa akiitazama mikono yake. Alijua hajapona. Alijua pia kwamba akirudi sasa hatakuwa na siku nyingine ya kuomba. Atashika mwiko ule mpaka auangushe kaburini. Lakini kati ya kuchoka na kutengwa, kuchoka alikuzoea. Akajifunga leso kiunoni, akapiga magoti, akavuta ile sufuria kubwa ya kanisa kutoka chini ya kitanda.

Mlango ukabishwa.

Haikuwa ngumi wala vidole. Ulikuwa mti juu ya mbao. Akaenda kufungua na sufuria mikononi. Alikuwa Makau, amening'inia kwenye magongo yake, anahema.

"Makau, kuna nini? Koki ni mgonjwa?"

"Koki ni mzima."

"Watoto?"

"Wote wazima, Mama."

Kezia alingoja. "Sasa unataka nini?"

"Sitaki kitu. Nimekuja tu kukusalimia." Akajivuta ndani, akajiketisha kwenye kigoda, mguu wa plasta ukichukua nusu ya chumba. "Koki ameniambia huko kanisani wamekupumzisha. Nikamwambia hata wamechelewa. Siku ile ulikuja kuniombea, Mama, mimi niliyevunjika nilikuwa afadhali kuliko wewe."

Kezia alibaki amesimama. Hakujua mgeni asiye na shida anafanywaje.

"Weka hiyo kitu chini," Makau akasema. "Keti."

Aliiweka sufuria sakafuni, akaketi kwenye kiti cha Odero. Makau akaanza kueleza habari za masanduku: jinsi bati la siku hizi lilivyo jepesi, jinsi wanafunzi wa bweni wanavyoyakalia yakabonyea, na mzee mmoja aliyeagiza sanduku la kuficha nguo zake asizione mkewe. Alikuwa na sauti ya chini isiyo na haraka, wala hakumwuliza neno. Kezia alisikia habari ya mzee ikianza. Mwisho wake hakuusikia, kwa sababu kichwa kilikuwa kimeegemea ukuta na usingizi umemchukua, usingizi ambao hakuwa ameupata mwaka ule wote.

Makau alimaliza hadithi yake, akatabasamu, akainuka kwa shida na kuuvuta mlango nyuma yake bila kelele. Penye bomba alikuta akina mama wakichota maji, Waruguru akiwa mmoja wao.

"Msiende kumsumbua Mama Norah," akawaambia. "Amepumzika."

Akaenda zake Gikomba, gongo kwa gongo.

Yeye alisema alichokiona. Lakini wale walikuwa watu wa kanisa, na kwao neno hilo, likisemwa namna hiyo, lilikuwa la mazishi. Ndoo ya Waruguru ikapinduka. Mwingine akauliza saa ngapi, mwingine akapiga nduru, na kabla maji hayajamaliza kutiririka wanawake walikuwa wakikimbia kuelekea mlango ule, na wanaume wakatoka wakiwa wamevaa kiatu kimoja. Kati ya walioinamia njia wiki zote hizo hakuna aliyekosa kuja. Koki alikuja akijipiga kifua.

Wakajaa barazani. Hapo ikabidi mtu aanzishe wimbo, na kila mmoja akamtazama mwenzake, kwa maana mwenye kuanzisha alikuwa ndiye aliyelala ndani. Waruguru alikuwa ameketi chini kando ya cherehani akisema neno moja tu: "Nimemuuliza ni nani. Leo asubuhi, nimemuuliza ni nani."

Mtu akapiga mlango kwa ngumi.

Kezia alizinduka. Aliijua ile ngumi. Akanyoosha leso yake, akafungua, akakuta mtaa wote unalia mlangoni pake.

"Nani amekufa?" akauliza.

Alitazama uso huu na ule, na jinsi macho yao yalivyokuwa yamewatoka, na polepole akaelewa.

"Mimi bado niko," akasema.

Waruguru akamrukia shingoni. Wengine walicheka, wengine walilia zaidi, na wote wakaingia ndani kwa pamoja, wakajaa kitandani, kwenye kigoda na juu ya sufuria iliyopinduliwa. Kezia alifurahi, angekataa angesema uongo. Aliona uchungu pia, kwamba ilibidi afe ndipo wakumbuke njia. Aliwaambia waziwazi kwamba hakuna mwanamume, na kwamba alichoka tu, na wakaitikia wote kwa vichwa kama watoto wa shule.

Kisha kikaja kimya kidogo, kile ambacho nyumbani mle siku zote kilimaanisha kwamba sasa mtu atainuka kuwasha jiko. Macho yote, bila nia mbaya, yakamwendea Kezia. Alihisi miguu yake ikijiandaa kama kawaida. Akairudisha chini ya kiti, akakunja mikono yake mapajani, akaketi.

Wakangoja. Naye akangoja. Mwishowe Waruguru akasimama, akazunguka chumba akifungua kopo hili na lile, kisha yeye aliyekunywa chai katika nyumba ile tangu watoto wao wakiwa wachanga akageuka na kumwuliza majani ya chai huwekwa wapi.