Kwaresima Yangu Nyuma ya Marikiti

Msinisifu kabla hamjanisikia. Mwanzoni mwa Kwaresima hii nilichaguliwa kuwa mzee wa kanisa, nikajiona nimekomaa kiroho. Nilifunga, na nikahakikisha mtaa mzima wa Ndia Kuu unajua. Kila muuza kahawa alipogonga vikombe vyake mlangoni petu kazini, niliguna kidogo kwa njaa ili nisikike.

Fundi Salim, mwenye karakana ya useremala ninakofanya kazi, ni Mwislamu. Aliposikia nimefunga, alinipa mkono kwa heshima. Tangu siku hiyo alimkataza muuza kahawa kuingia, na yeye mwenyewe hakutia kitu kinywani mbele yangu. Nami, badala ya kumshukuru, nilimhubiria jinsi ya kuutiisha mwili.

Wiki haikuisha, mwili ukanitiisha mimi. Fundi alitoka kuswali adhuhuri, akakawia kurudi. Nikatoroka hadi nyuma ya soko la Marikiti, kwa mama mmoja anayekaanga muhogo kando ya magunia, mahali ambapo watu wa kanisa letu hawapiti. Niliupokea ungali moto, nikajaza mashavu yote mawili, nikazunguka magunia nijifiche.

Nyuma ya magunia alikuwa amechutama Fundi Salim, kikombe cha kahawa mkononi. Aliponiona alishtuka, akaimwaga kahawa yote chini.

"Niwie radhi, ndugu yangu," alisema, ameinamisha macho kwa haya. "Mimi huja kunywa huku nisikutie tamaa nawe umefunga."

Kisha akainua macho, akangoja nimjibu.

Kinywa changu kilikuwa kimejaa muhogo.