Nilimchana mjomba kwenye albamu yangu ya kwanza, Dar wakanisifu, kisha nikaenda Mandawa kumsikilizisha

Wakuu, kwema humu?

Juzi nimepita kwenye uzi mmoja, vijana wanabishana ni nani kwenye bongo fleva ya zamani alikuwa na mashairi ya kujichunguza nafsi. Wametaja majina makubwa yote, langu halimo. Sijakasirika. Nikasema ngoja niwasimulie yaliyonikuta, na pale nilipochemka nitapasema hivyo hivyo bila kuzunguka.

Zamani nilijiita Jembe Butu. Kama ulikuwa Nachingwea, Ruangwa au Masasi mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na ulikuwa na redio ya kaseti, uwezekano ni mkubwa uliwahi kunisikia. Nilitoa kaseti moja tu, nyimbo nane, inaitwa "Mtoto wa Dada".

Na nilikuwa mkali, wakuu. Siombi kura. Ndivyo ilivyokuwa.

Sasa kwa wasiojua kwetu. Mimi ni Mmwera, na kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Baba anaweza kuwepo au asiwepo, lakini mwenye kauli juu yako ni mjomba. Mimi baba alishakwenda zake kabla sijajua kutambaa. Mama akafariki miaka ya tisini, nikiwa na miaka tisa. Nikabaki mikononi mwa kaka yake, mjomba Athumani, mkulima wa korosho na ufuta kule Mandawa, Ruangwa.

Mjomba hakuwa mtu wa maneno. Hakunipiga, hakuninyima chakula, shule alinisomesha. Lakini kunikalisha chini tukamzungumzia mama, hakuna. Nilipofaulu akanipeleka sekondari Nachingwea nikakae bweni, nami nikaona amenitua kama mzigo.

Ila kilichonikaa rohoni ni siku ya mazishi.

Watoto hatukuruhusiwa kwenda makaburini. Nikabaki uani na wanawake, nimesimama kwenye kinu kilicholazwa nipate kuona njia. Wanaume wanarudi kuzika, na katikati yao yuko mjomba. Anacheka. Si tabasamu, wakuu, anacheka mpaka mabega yanaruka. Mama yangu ndio kwanza wametoka kumfukia.

Sikumuuliza mtu. Nikaifungia ile picha ndani, nikakua nayo.

Mbele ya safari nikatua Dar, nikahangaika kwa ndugu, nikaanza kuchana kwenye matamasha ya mtaani Temeke. Prodyuza mmoja akanipenda kwa sababu, alisema, mimi sina mbwembwe. Enzi hizo kila mtu anarap kuhusu magari asiyonayo. Mimi nikarap kuhusu kulowesha godoro la bweni nikiwa kidato cha kwanza. Nikarap kuhusu kuona haya kusema natoka wapi. Na wimbo wa nne nikaupa jina "Jicho Kavu".

Ubeti wa kwanza ni wa mama:

Alinifunga kamba za viatu kwa mkono mmoja,
Mkono wa pili kashika ungo, ufuta unangoja,
Akiita jina langu analivuta mwishoni,
Hadi leo nikilisikia nageuka sokoni.

Ubeti wa pili ni wa mjomba:

Wametoka mazikoni, mjomba wangu meno nje,
Jicho kavu, sijui alingoja nani afe ndio chozi lije.

Na kuendelea. Huko mbele nilimkata vibaya zaidi, sitaandika hapa. Jina lake sikulitaja, lakini Mandawa nzima mimi nina mjomba mmoja.

Kaseti ikatoka. Hapa naomba nijisifu kidogo, maana ni haki yangu. Mwandishi mmoja wa ukurasa wa burudani aliandika safu nzima, akasema hatimaye kuna kijana anajitazama ndani badala ya kujitazama kwenye kioo. Mtangazaji wa kipindi cha mchana akaupiga "Jicho Kavu" wiki nzima, akasema huo ndio ujasiri. Mwingine gazetini akaniponda, akasema kaseti yote ni msiba, hata harusi moja haiwezi kupigwa. Huyo naye alikuwa sahihi, ila hakuniumiza. Nilikata kipande chake nikakiweka pamoja na kile cha sifa.

Wote, waliosifu na walioponda, walikubaliana jambo moja: ubeti wa pili wa "Jicho Kavu" ndio roho ya albamu.

Nami nikaamini.

Kaseti zikashuka kusini na basi. Walionunua wakawarekodia wenzao, kaseti kwa kaseti, mpaka sauti yangu ikawa kama natokea kisimani. Baada ya muda nikapigiwa simu toka duka moja Nachingwea, kuna mtu ana ukumbi, anataka nije nipige shoo mchana wa Jumamosi.

Nikakubali kabla hajamaliza. Lakini niwaambie ukweli, kilichonipeleka si shoo. Nilitaka mjomba akae benchi la mbele. Nilitaka asikie mbele ya watu kile nilichokibeba miaka yote, halafu nione uso wake. Nilikuwa tayari tusizungumze tena maisha yetu yote. Na huyo ndiye mzazi pekee niliyebaki naye.

Safari ya kusini enzi hizo mnaijua waliowahi. Nilifika Ruangwa siku ya Alhamisi nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Pale stendi mama mmoja muuza mihogo akanitazama, akaniuliza, "Wewe si ndiye uliyemwimba Athumani?"

Nikamjibu ndiye mimi, kifua mbele.

Akasema, "Haya," akaendelea kugeuza mihogo yake.

Mandawa nikamkuta mjomba shambani. Ulikuwa msimu wa ufuta, ametandika turubai, anapiga matita yaliyokauka. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza habari za njiani, akanipa fimbo. Tukapiga ufuta mimi na yeye, jua kali, nguo yangu nzuri ya msanii imejaa makapi. Nikawa nasubiri aanze. Hakuanza.

Nikawaza, huyu amesikia na anaona aibu. Nikafurahi, wakuu. Nafsi yangu ilifurahi kabisa.

Alasiri akaja Mwalimu Mapunda. Huyu ni Mngoni wa Songea, alipangiwa kufundisha Mandawa tangu mimi sijazaliwa, na hakuhama tena. Sasa Wangoni na sisi ni watani. Anaweza kuingia kwako akala chakula chako akakutukana, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Msibani mtani ndiye mwenye ruhusa ya kufanya ambayo mwingine hawezi.

Akanipokea hivi: "Kumbe Mmwera siku hizi anaimba? Kunawa mikono mmeshajifunza?"

Nikacheka, mjomba naye akaguna. Mjomba akanyanyua gunia kulipeleka nyumbani. Alipotokomea tu, Mapunda akakaa juu ya tita, uso umebadilika.

"Saidi, ule wimbo wako nimeusikia. Nikuulize. Siku ile unajua mjomba wako alikuwa anacheka nini?"

Nikamwambia kicheko ni kicheko.

"Aliyemchekesha ni mimi."

Akanisimulia. Alisema tangu mama afariki mjomba hakufungua mdomo, hata kwa maji. Alishika machela kwa mbele toka nyumbani, akakataa kupokezana na mtu njia nzima. Walipofika kaburini, wanaume wawili wako ndani wanangoja kumpokea marehemu, mjomba hataki kumwachia. Ameikumbatia sanda. Shehe akamsihi, wazee wakamsihi, vijana wakajaribu kumbandua vidole, wapi. Watu wakasimama wanatazamana.

Ndipo mzee mmoja akasema, mtani yuko wapi, afanye kazi yake.

Mapunda akawaambia wale wawili watoke. Akarukia ndani ya kaburi na suruali yake ya ualimu, akajilaza chali. Akasema: "Athumani, baki naye basi, mimi nishalala. Ila uelewe, dada yako ndiye aliyekuwa anakufichia ugali ukichelewa. Mimi Mngoni namfuata huko huko nikale, wewe Mmwera hata moto hujui kuwasha, utatafuna mahindi mabichi kama kuku."

Hapo mjomba akacheka.

"Alipocheka mikono ikalegea," Mapunda akasema, "tukamchukua dada yake. Kile kicheko kikawa hakizimiki. Tukaogopa kumzuia, tukamwacha nacho mpaka nyumbani. Wewe ulituona tunarudi. Huko nyuma hukuwepo."

Wakuu, utani naujua tangu utoto. Nimeuona kwenye misiba zaidi ya ishirini. Nimeona watani wakijilaza kwenye makaburi, wakidai kuku, wakiigiza marehemu alivyokuwa anatembea. Hata siku moja sikuwahi kukaa nikajiuliza, je, siku ya mama mtani alikuwepo? Nilikuwa na hasira nzuri, inaandikika, sikutaka kuipekua.

Asubuhi ya Ijumaa nikamkuta mjomba barazani. Redio ya kaseti nilikuja nayo toka Dar. Nikamwambia, "Mjomba, nataka usikie kazi yangu. Ukitaka kunifukuza baadaye, sawa."

Akasema, "Washa."

Nikaupiga wote, na ubeti wa pili nikiwa nimeinamisha kichwa. Ulipoisha nikamwomba radhi. Nikamwambia Mwalimu amenieleza.

Mjomba akasema: "Umetengeneza vizuri. Dada yangu ndiye yule yule, hujapunguza wala hujaongeza. Lakini huyo mwanaume uliyemweka huko ndani, mimi simjui."

Nikamuuliza kwa nini miaka yote hakuniambia.

"Hukuniuliza, Saidi. Na mimi nianzie wapi kumwambia mtoto kwamba nilimng'ang'ania mama yake mpaka wanaume wazima wakashindwa kunibandua?"

Nimesomewa uhakiki mwingi kwenye maisha yangu. Huo wa mjomba ndio pekee ninaoukumbuka neno kwa neno.

Akanyoosha mkono. "Rudisha kule mwanzo."

Nikarudisha. Sauti yangu ikaanza, na chini yake nikasikia sauti nyingine, taratibu. Mjomba anaufuata ubeti wa mama. Wote. Hata pale ninapovuta pumzi na yeye anavuta. Nikamtazama mke wa mjomba, amesimama mlangoni na ungo wake, naye anamtazama.

Baadaye jikoni ndiye aliyenieleza. Pale kijijini kuna mashine ya kusaga, mwenye mashine ana redio na kaseti yangu, anaipiga kutwa. Kwetu kwenda mashine ni kazi ya wanawake. Lakini tangu kaseti ifike, mjomba kila baada ya siku mbili anajaza nusu debe la mahindi, anakwenda mwenyewe. Wanawake wamemcheka mpaka wamechoka. Anakaa pale anangoja "Jicho Kavu" uanze, anasikiliza ubeti wa kwanza mpaka mwisho. Wa pili ukianza anabeba unga wake anaondoka.

"Unga umetujaa ndani," akasema, "hatujui tuupeleke wapi."

Nilitoka nikaenda nyuma ya choo nikalia kama sijawahi kulia.

Shoo ya Jumamosi nilipiga. Mjomba alikuja Nachingwea na lori la ufuta, akakaa benchi la mbele kama nilivyopanga, ila si kwa sababu niliyopangia. "Jicho Kavu" niliuimba ubeti wa kwanza, nikaurudia ubeti wa kwanza. Watu wakapiga makelele wanataka wa pili, maana ndio waliousoma gazetini. Nikawaambia wa pili una makosa, sitauimba tena popote. Wengine wakazomea. Prodyuza alipopata habari akanilaumu, akasema nimejing'oa jino zima. Kaseti ya pili sikuitoa.

Je, najuta kutoa ile ya kwanza? Hapana. Nyimbo saba na ubeti mmoja vimesimama mpaka leo, na atakayekuja hapa kusema nilikuwa wa kawaida tutabishana. Wale wachambuzi nao siwalaumu, wao walipima mashairi, na mashairi yalikuwa makali. Mjomba hawakuwa na namna ya kumjua. Mimi niliyekuwa na namna ndiye sikuitumia.

Nilichojifunza ni hiki, na nakisema hasa kwa vijana mnaoandika sasa. Kuusema ukweli wako mbele za watu ni kazi ya heshima, ifanyeni. Ila kama kuna mtu hai ndani ya huo ukweli, panda gari ukamuulize kwanza. Mimi nilikuwa na miaka mingi ya kuuliza, nikaitumia kutafuta vina.

Mjomba yupo, kazeeka, macho hayaoni vizuri. Nikienda huwa ananiambia nimwekee mama yake Saidi, ndivyo anavyouita ule ubeti.

Karibuni, wakuu. Kama kuna mwenye kaseti halisi ya "Mtoto wa Dada" yenye sauti safi, anisaidie nakala, yangu imeshachakaa pale mwanzoni mwa wimbo wa nne kwa kurudishwa rudishwa. Na kama kuna uliyemhukumu mzazi au mlezi kwa kitu ulichokiona ukiwa mtoto, hebu tuandikie hapa: ulishawahi kumuuliza?